Wavu wa Matofali Juu ya Nyenje

Asubuhi ile nilitoka uani kuanika nguo nikakuta matofali ya marehemu mume wangu hayapo. Yalikuwa yamepangwa pale ukutani tangu yeye akiwa hai, ya kujengea chumba cha nyuma ambacho kila mwaka alisema ataanza na kila mwaka mvua ikamtangulia. Kuku walishazoea kutagia nyuma yake. Sasa ilibaki alama ya mraba ardhini, jongoo wawili, na kuku mmoja amesimama katikati akishangaa kama mimi.

Nikapiga kelele, "Wezi!"

Binti yangu wa mwisho akatokea jikoni na kikombe mkononi. Nyumbani tunamwita Nyenje, kwa sababu alipozaliwa alilia bila kupumzika kwa sauti moja, mpaka baba yake akasema huyu si mtoto, ni nyenje.

"Si wezi, mama. Nimeyachukua mimi."

"Unajenga?"

"Hapana. Nitayaning'iniza."

"Utayaning'iniza wapi?"

"Juu yangu," akasema, akanywa chai.

Niliweka beseni chini. Kuna maneno mtu hawezi kuyasikia akiwa amebeba nguo mbichi.

Nyenje ni msanii, lakini si wa kuchora wala wa kuimba. Sanaa yake anaifanya kwa mwili wake mwenyewe. Aliwahi kukaa ndani ya pipa la maji baridi katikati ya soko mpaka midomo ikawa rangi ya wino. Aliwahi kuzunguka mjini amefungwa kiti cha chuma mgongoni, watu wakimwuliza anakiuza au anakirudisha. Hayo niliyavumilia. Nilisema mafua yatapona na kiti atakichoka. Lakini matofali si mafua.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Atalala chali juu ya godoro katika jumba la maonyesho. Juu yake utaning'inia wavu wa kamba nene, ndani yake matofali. Kamba ya wavu itapanda, ipite kwenye kapi, lile gurudumu dogo la kupitishia kamba, halafu ishuke upande wa pili. Huko itashikwa na watazamaji. Hakuna ndoano wala mahali pa kuifunga. Watu wakishika, atakuwa salama. Wakiachia, basi.

"Basi nini?"

"Basi, mama."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitalala. Sitasema, sitainuka mpaka jumba lifungwe."

Nikamwuliza kwa nini. Nilitegemea aniambie maneno yale anayoyaleta kutoka kwenye semina za wasanii. Akageuza kikombe mkononi, akasema, "Siku tuliyomzika baba, watu walijaa hapa mpaka barabarani. Kila mmoja alitushika mkono akasema, tuko pamoja. Wiki iliyofuata tulikuwa wangapi, mama?"

Tulikuwa mimi na yeye na kuku.

"Nataka nione," akasema. "Hao wanaosema tuko pamoja, nataka niwape kamba."

Jibu lile lilinikaa kifuani. Lakini mtu anaweza kukuelewa na bado asitake uangukiwe na matofali.

Nilianza na fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yetu, aliyetengeneza fremu. Nilimkuta nyuma ya karakana yake amevaa miwani myeusi paji la usoni. Fremu ilikuwa imesimama pale, kubwa kama goli la mpira.

"Fundi, na wewe una watoto."

"Mama, nilijua utakuja. Nilimwambia niweke ndoano ya akiba, hata ndogo. Akasema nikiiweka ataikata kwa msumeno mbele yangu."

"Na kamba je?"

"Kamba ni ya kuvutia malori. Haikatiki hiyo. Kwa kamba usihangaike." Akashusha miwani. "Ombea mikono."

Nikaenda kwa meneja wa jumba la maonyesho, kijana mwenye miwani mikubwa na viatu visivyojua soksi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti ambacho sikukielewa, kimelala nyuma kama cha daktari wa meno. Nikazungumza naye nikiwa nimetazama dari.

"Mwanangu, mtoto wangu atakufa humu ndani."

"Mama, hatufikirii hivyo. Lakini hatari ndiyo kazi yenyewe. Ukiitoa hatari, kinachobaki ni msichana amelala."

"Basi watu waje wamwone msichana amelala. Analala vizuri tu, mimi namjua."

Akacheka, akaandika kitu. Nikajua nimempa maneno ya kwenda kusema kwa wenzake.

Redio nayo ikapata la kuzungumza. Mmoja alisema ni upumbavu, wa pili akasema ni sanaa, wa tatu akasema haoni sababu ya hao wawili kugombana. Mchungaji aliitaja habari hiyo kanisani bila kumtaja mtu, ila alipofika kwenye matofali waumini wote waligeuka wakanitazama. Nilikaza macho kwenye kitabu cha nyimbo, nacho nilikishika juu chini.

Usingizi haukuja, nikapiga magoti. Niliomba kamba iwe ngumu, nikakumbuka fundi kasema ni ngumu. Nikaomba fremu isimame, nikakumbuka nimeiona imesimama. Kilichobaki kuombewa ni mikono. Na nikiwa pale magotini nikajiuliza, kwa nini nimwombe Mungu mikono ya watu nisiowajua, wakati ya watu ninaowajua anayo?

Sisi akina mama wa maombi tuna kitu tunakiita mnyororo. Kukiwa na mgonjwa au msafiri, tunaomba kwa zamu bila kukatika, na haondoki mtu mpaka anayempokea amemgusa bega. Hata mtu akibanwa na haja, anabanwa hapo hapo. Mnyororo wetu haujawahi kukatika.

Siku ya kikao chetu nikalitoa wazo hilo. Wa kwanza kunijibu alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hajawahi kuliacha neno lipite bila kulikanyaga.

"Yaani tuache kuomba, twende tukashike kamba?"

"Tutaomba huku tumeshika."

"Huyu mtoto mimi shangazi yake nilimkataza kupanda hata mti. Leo ananing'iniza nyumba! Wifi, ulimlea na nini?"

"Nilimlea na kaka yako."

Akina mama wakacheka. Mwenyekiti wetu akainua kiganja. Tunamwita Mama Kipaza, maana sauti yake haijawahi kuhitaji umeme. "Mtoto wa mwenzetu ni mtoto wetu," akasema, na nadhani waliokuwa barabarani pia wakakubali. "Twendeni. Na tuvae sare."

Nyenje sikumwambia. Angesema namharibia.

Siku ilipofika nilitangulia peke yangu. Ukumbi ulikuwa mweupe kote, sakafu inateleza kama sabuni. Katikati ilisimama ile fremu, na chini yake Nyenje, amelala chali kwenye godoro jembamba, gauni jeupe, miguu pekupeku. Wavu ulining'inia juu ya kifua chake, usawa wa kidevu cha mtu aliyesimama. Uzito wake ulikuwa kama magunia mawili ya saruji. Ukutani palikuwa na maandishi: MSHIKENI. ANAYECHOKA AMPISHE MWENZAKE.

Walioshika walikuwa watu wa kila namna. Bwana mmoja alishika kwa mkono mmoja, simu sikioni, anasema, "Hapana, niko bize kidogo, nimeshika mtu." Wasichana wawili walikuwa wanapokezana, si kamba, bali kupigana picha. Mbele kabisa walikuwepo mume na mke.

"Vuta basi!" mume akasema.

"Si ulisema mimi siwezi kushika kitu kikakaa?"

"Nilisema ufunguo wa gari!"

"Basi shika wewe, mshikaji."

Na mwanamke akaachia, akaenda zake kutazama picha za ukutani. Wavu ukashuka kama shubiri. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Nyenje hakupepesa hata jicho. Nikarukia kamba mahali pa yule mke, nikakaza, na sikuiachia tena.

"Mama," mume akaniambia kwa upole, "wewe ni ndugu yake?"

"Tazama mbele, baba. Shika."

Bahati akina mama hawakuchelewa. Waliingia mlango mkubwa kwa mstari, sare ya bluu na vitambaa vyeupe kichwani, Mama Kipaza mbele, wifi yangu nyuma akikagua ukumbi kama aliyeletwa kuununua.

"Ndiyo jumba lenyewe hili? Hata pazia hakuna."

Wakafanya kama tufanyavyo kwenye mnyororo. Kila mmoja alimgusa bega aliyeshika, akapokea. Bwana wa simu alipoguswa alisema ahsante mara nyingi mno. Punde tu kamba yote ilikuwa mikononi mwa kikundi chetu, na wavu ukapanda ukatulia mahali pake kama uliowekewa nguzo. Nyenje aligeuza macho kidogo sana. Aliniona, akamwona shangazi yake, akaona na sare. Uso wake haukusogea lakini masikio yalibadilika rangi. Mimi mama yake, najua masikio yale. Alikuwa amekasirika.

"Akasirike," wifi akaninong'oneza. "Akasirike akiwa mzima."

Tulishika vizuri. Ningetaka iandikwe hivyo. Watu walizidi kuingia, maana habari ilitoka nje kwamba akina mama wa kanisa wako kwenye kamba. Meneja alizunguka anasugua viganja. Tuliimba polepole, tukapokezana, waliochoka wakakaa sakafuni wakanyoosha miguu. Ulifika wakati nikaona kama na mimi naielewa ile kazi. Mwanangu yuko chini, sisi tumeshika, na hakuna anayemwuliza mwenzake kwa nini.

Tatizo ni kwamba Mama Kipaza naye alielewa. Akaguswa. Machozi yakamtoka akiwa amesimama mbele yetu kwenye kamba, akatazama umati ule wote ulionyamaza, watu ambao hawajaonekana kanisani tangu ubatizo, na nadhani aliona hatapata nafasi nyingine kama ile.

"Wapendwa," akasema, na vioo vikasikia. "Tuombe."

Kwetu sisi neno hilo lina kazi yake. Hufikirii. Macho yanafumba yenyewe kama mlango wenye springi.

"Tuinue mikono kwa Bwana!"

Na akina mama wa maombi, kikundi ambacho mnyororo wake haujawahi kukatika, wakainua mikono.

Yangu haikuinuka, na sitajisifu kwa hilo. Ni nzi tu. Alikuwa ametua juu ya mdomo wa Nyenje, anatembea taratibu kuelekea puani, nami nilikuwa namwangalia nikijiuliza kama mtoto atavumilia. Sikusikia "tuombe" wala "tuinue". Nilichosikia ni viatu vyangu kuacha sakafu.

Mimi ni mtu wa mwili, namshukuru Mungu, na siku ile nilimshukuru zaidi. Matofali yalinizidi kidogo tu. Kwa hiyo hayakuanguka, yalishuka kama anayeshuka ngazi kwa heshima, na mimi nikawa napanda. Nilipita usawa wa mabega ya wifi yangu. Nikapita kitambaa chake. Alikuwa amefumba macho, machozi yanatiririka, anaiombea nchi.

"Wifi," nikamwita. "Wifi!"

"Ndiyo, Bwana," akasema.

Kule upande wa pili wavu ulikuwa unashukia kifua cha mwanangu. Nyenje akautazama, akanitazama mimi miguuni. Akavunja kiapo chake.

"Mama, shuka!"

"Nishukie wapi?"

"Achia kamba!"

"Nikiachia unakufa."

"Sifi, nitajiviringisha!"

"Basi jiviringishe kwanza, ndipo niachie!"

"Mama, kazi hairuhusu niinuke!"

"Nyenje, hata mimi kazi yangu hairuhusu niachie! Sasa tutafanyaje?"

Watu wakaanza kupiga makofi. Walidhani ndiyo yenyewe. Wawili watatu walitaka kunikimbilia, lakini meneja akatandaza mikono akiwazuia. "Tafadhali msiguse! Msiguse kazi!" Miwani yake ilijaa machozi.

Makofi ndiyo yaliyowafumbua akina mama macho. Nitaeleza walichokiona. Waliniacha nimesimama kati yao, wakafumba macho wakaomba kwa imani, wakafumbua, wakanikuta niko hewani, sketi inapepea, uso umeelekea juu.

"Ananyakuliwa!" akapiga yowe mmoja.

Kikundi kizima kikaanguka magotini. Wapo walionyoosha mikono niwachukue, na wapo walioanza kutubu kwa sauti mambo ambayo afadhali tusingeyajua. Mama Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa sauti. Wifi peke yake ndiye aliyebaki wima, mikono kiunoni.

"Huyu?" akasema. "Mimi niachwe, achukuliwe huyu? Kwa lipi?"

"Wifi, shika kamba!" nikasema. Lakini sehemu ya kamba waliyokuwa wameishika ilikuwa imepanda pamoja nami, na mkia uliobaki ulikuwa unawachezea miguuni bila mtu kuutazama.

Viganja vilianza kuteleza. Hapo sikucheka na hakukuwa na la kuchekesha. Wavu ulikuwa umefika mahali ambapo Nyenje akivuta pumzi gauni lake linagusa tofali. Niliiona pumzi yake. Nikasema moyoni, Baba, mimi nimefika mwisho wa nguvu, na huyu mtoto ni mbishi kama unavyomjua. Nyenje sikumwambia kitu tena. Sikumsihi. Nadhani kiganja changu cha kushoto kilifunguka, kwa sababu niliyumba nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja, na kiatu kimoja kikaanguka.

Nyenje akatoka. Alitoka mwenyewe, hakuna aliyemvuta. Alijiviringisha mara moja kama mtoto anayeanguka kitandani, na matofali yakakaa juu ya godoro pale kilipokuwa kifua chake, yakazama. Vumbi likapanda. Mimi nikasimama huko juu, sipandi wala sishuki.

Akaja mbio pekupeku, akateleza kwenye ile sakafu, akainuka, akanikumbatia miguu.

"Achia, mama. Nimekushika."

"Umenishika kweli?"

"Nimekushika."

"Nguvu umezitoa wapi, wewe hata kula huli?"

"Mama! Achia!"

Nikamtazama kutoka juu. Utosi wake niliuona vizuri, na vumbi la matofali ya baba yake kwenye nywele. Nikaachia.

Alinishika, hilo nitalisema popote. Alinishika kwa nguvu zake zote mpaka chini, na nilipofika chini yeye alikuwa ameshatangulia, na mimi juu yake.

Makofi yale sijawahi kuyasikia hata kwenye harusi. Meneja alikuwa analia waziwazi. Wifi akanisaidia kuinuka, akaninyoosha sketi mbele ya umati, akasema, "Shuka basi na utukufu wako, twende tukamwangalie mtoto." Alipomgusa Nyenje bega, mtoto akapiga yowe. Akajikunja pale sakafuni ameshika mfupa wa shingoni, huku anacheka, huku anatukana kidogo, na akina mama wakajifanya hawakusikia.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la mbao, yeye kanilalia upande mzima, wifi amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Daktari aliyetuita alikuwa kijana mchangamfu, kalamu nyuma ya sikio. Akaiinua picha ya mifupa kwenye mwanga.

"Mtulinga, huu mfupa wa kati ya shingo na bega, umevunjika. Umevunjika safi, utaunga. Nini kilimwangukia?"

Nyenje akanitazama. Nikatazama ukuta.

"Kulikuwa na matofali," nikaanza. "Wavu mzima wa matofali, juu yake, tangu asubuhi."

"Kwa hiyo yameanguka."

"Hapana, hayo hayakumgusa."

Daktari akaishusha picha. "Sasa, dada, nini kilikuangukia?"

"Mama," Nyenje akasema.

Daktari akanitazama kuanzia juu mpaka chini, hasa hapa katikati, kisha akaandika bila haraka. Nikamwona anajitahidi kuubana mdomo wake.

"Na alikuwa anafanya nini huko juu?"

"Alikuwa amenishika," mtoto akasema. Ikamtoka kama ilivyo, bila yale maneno yake ya semina. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mfululizo kisicho na breki, na kila akicheka mfupa unamchoma, na kila ukimchoma anacheka zaidi, mpaka machozi yakamshuka, naye akanishika mkono kwa ule wake mzima, akanikaza mpaka pete ya marehemu ikanibana.

"Cheka polepole," nikamwambia. "Utauharibu zaidi huo mfupa, daktari aandike tena kwamba ni mimi."